Mbwa wa Stanley na deni la mzalishaji

Katika vitabu vya Wazungu waliopita njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na mbele yake, kifo cha mbwa huwa ni jambo la aya moja. Msomaji anasikitika kidogo, anageuza ukurasa, anarudi kwenye homa, hongo na vita. Mwezi uliopita nilikisoma tena Through the Dark Continent cha Henry Morton Stanley, kilichotoka mwaka 1878, nikaamua safari hii nifuate mbwa tu. Nilidhani ni mchezo wa jioni mbili. Kumbe mbwa wale wanaibua swali ambalo leo tunalikwepa kila tunapoona tangazo la "mbegu safi": mtu anayemzalisha kiumbe ili awe na umbo fulani na tabia fulani, anadaiwa nini na kiumbe huyo?

Tuwafahamu kwanza mbwa wenyewe. Mwaka 1874, akijiandaa kuondoka Uingereza, Stanley alikuwa nao watano. Wawili walikuwa mastifu, mbwa wakubwa wa kifua kipana na kichwa kizito. Mmoja wa hao wawili, Castor, alikuwa mbwa wa tuzo, yaani mbwa wa maonyesho, na alitolewa zawadi na Baroness Burdett-Coutts, tajiri aliyejulikana sana kwa ukarimu wake. Mwenzake aliitwa Captain. Watatu waliobaki Stanley aliwanunua kwenye makazi ya mbwa waliopotea ya Battersea, London: ritriva, buldogi na bulteria. Akina Pocock, vijana wawili ndugu walioajiriwa kwenye safari hiyo, wakawaita Nero, Bull na Jack.

Hapo kuna dunia mbili za mbwa wa Kiingereza. Kennel Club, chama kinachosimamia nasaba za mbwa, kilianzishwa London mwaka 1873, na daftari lake la kwanza la nasaba likatoka 1874, mwaka ule ule Stanley alipopanda meli. Makazi ya mbwa waliopotea yalianza 1860 na kuhamia Battersea 1871. Kwa hiyo katika jiji moja, ndani ya miaka kumi na minne, watu walijenga daftari la kuandika baba na babu wa mbwa, na wakajenga nyumba ya kuwapokea mbwa ambao baba yao hakuna anayemjua wala kumuuliza. Stanley alichukua kutoka kote kuwili akawaleta Bagamoyo.

Castor alikufa mwanzoni kabisa mwa safari, msafara ukiwa bado karibu na pwani. Aliuawa na joto, ndani ya saa chache. Captain alionekana yuko njiani kumfuata, na hata wale watatu wa Battersea walilala chini wakihema. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na mwili wa mastifu, ambao uzito wake unaweza kupita kilo 60, unahitaji kupozwa sana. Yeyote aliyewahi kutembea Bagamoyo mwezi wa kumi na moja saa saba mchana anajua jua hilo ni la namna gani.

Sasa mlinganisheni na Bull. Huyu, mmoja wa wale watatu walionunuliwa kwenye makazi, ndiye aliyekuwa wa mwisho kufa. Alidumu mpaka mwaka 1876, akiwa amekwishatembea maili zipatazo 1,500, akafia njiani msafara ulipokuwa ukitoka upande wa Karagwe kuelekea Unyamwezi. Sisemi kwamba hadithi hii inathibitisha kuwa mbwa wa mitaani ana damu bora. Mbwa watano si utafiti, na hao wa Battersea nao walikuwa na mbegu zinazotambulika. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, lakini kina uzito wake: tuzo aliyopewa Castor ilitolewa na jicho la mwamuzi aliyesimama kwenye ukumbi wa Uingereza. Haikusema chochote kuhusu pumzi yake. Mwanadamu alimchagua kwa kipimo kimoja, kisha akampeleka mahali ambapo kipimo hicho hakina maana.

Baroness Burdett-Coutts ndiye pia aliyegharimia sanamu ya Greyfriars Bobby kule Edinburgh, mwaka 1873: mbwa mdogo anayesifiwa kwa kulinda kaburi la bwana wake miaka mingi. Yaani mwaka mmoja anasimamisha sanamu ya uaminifu wa mbwa, mwaka unaofuata anatoa mbwa aende akafie kwenye joto la Kingani. Simlaumu kwa ukatili, kwa sababu hakuwa mkatili, alitumia fedha nyingi kutetea wanyama. Lakini mapenzi yake yalikuwa kwa mbwa wa kwenye sanamu, yule asiyehema.

Turudi kwenye uandishi, kwa kuwa hapa ndipo Stanley anaponikera. Aya ya kifo cha Bull imeandikwa vizuri, tena vizuri mno. Mbwa mzee amechoka, miguu haina nguvu, lakini anang'ang'ania kuwafuata wabeba bunduki wanaotokomea mbele yake. Anasifiwa kwa ukaidi wa mbegu yake. Mimi mwenyewe koo lilibana kidogo, nakiri. Halafu nikasoma tena nikitafuta kitu kimoja tu: nani anafanya nini katika sentensi hizo? Mbwa anafuata, mbwa anang'ang'ania, mbwa anashindwa. Msafara unakwenda. Hakuna mahali ambapo mtu anaamua mbwa huyu mzee apumzike, au abebwe, au asingeletwa kabisa. Bwana wake amejiondoa kwenye sarufi. Amebaki kuwa mwombolezaji.

Linganisha na kitabu chake cha kwanza, How I Found Livingstone, cha 1872. Humo kuna mbwa mmoja mlinzi, Omar, aliyenunuliwa Bombay. Omar hakufika Tabora. Alikufa kwa ugonjwa wa matumbo baada ya mateso ya mbuga ya Makata, karibu na kuingia Ugogo. Stanley anamsikitikia, na sababu anaitaja waziwazi: Ugogo ndiko hasa angehitaji mbwa wa kulinda usiku. Ni majonzi ya mtu aliyepoteza chombo cha kazi. Ajabu ni kwamba mimi naona majonzi hayo ni ya kweli kuliko yale ya 1876. Angalau hapa hesabu iko mezani: nilimchukua kwa faida yangu, amekufa, nimepata hasara.

Kisha kuna David Livingstone na mbwa wake mdogo, Chitane, aina ya pudo. Huyu hakupita njia ya Tabora. Alizama Januari 1867 katika eneo ambalo leo ni Zambia, watu wakivuka maji mengi. Lakini shajara zenye habari zake zilipita Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kabla ya kufika Uingereza, na leo tembe la Kwihara limehifadhiwa kama makumbusho. Livingstone anaandika kwamba kila mtu alikuwa anashughulikia kuvuka, wakamsahau mbwa, naye lazima aliogelea mpaka akafa. Maneno machache, bila sifa za ushujaa. Lakini ndani yake yumo mtu aliyesahau. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti ya maadili kati ya waandishi hawa wawili, na imo kwenye sarufi kabla ya kuwa kwenye tabia: mmoja anaweka mhusika wa kosa ndani ya sentensi, mwingine anamwondoa na kujaza nafasi yake kwa sifa.

Najua msomaji fulani ameshaanza kuniandikia: jamani, unalilia mbwa, na wapagazi je? Msafara ule uliondoka Bagamoyo na watu 356, na wengi hawakurudi. Swali hilo ni la haki, na jibu la haraka, kwamba Stanley aliwapa mbwa majina na watu akawaacha bila majina, si sahihi. Mwishoni mwa kitabu kuna orodha za majina yao. Kinachotofautiana ni mahali: mbwa anafia ndani ya hadithi, mpagazi anafia kwenye orodha.

Lakini mpagazi ananisaidia kuelewa deni la mbwa. Wasafiri wa Kizungu walipenda kuandika kwamba Mnyamwezi amezaliwa kubeba mzigo, kana kwamba ni mbegu fulani ya mtu, kama vile mastifu ni mbegu fulani ya mbwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika Carriers of Culture cha 2006, ameivunja hoja hiyo. Anaonyesha kwamba upagazi ulikuwa kazi, tena kazi yenye utaalamu, desturi na heshima yake. Kulikuwa na mapatano ya ujira, kulikuwa na posho, na mapatano yakivunjwa wapagazi waligoma au walitua mizigo wakatoroka. Vitabu vya Stanley vimejaa malalamiko kuhusu watoro. Tuyasome malalamiko hayo kwa upande wa pili: kila mtoro alikuwa anatoa hukumu juu ya safari. Alipima njaa na hatari, akaona haimfai, usiku akaondoka.

Bull hakuwa na usiku huo. Mbwa aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili asimwache bwana wake hana utoro ndani ya mwili wake. Ule ukaidi anaosifiwa nao hakuuchagua, ulipandikizwa na watu waliokuwa wanajua wanataka nini. Basi tunaposifu uaminifu wa mbwa wa nasaba, tunasifu kazi ya mikono yetu, halafu tunamwachia yeye alipe gharama. Mpagazi unamdai kazi kwa mapatano, naye anakudai. Mbwa huwezi kupatana naye, kwa hiyo deni lote liko upande mmoja, na linaanzia kwa yule aliyemzalisha kabla hata ya yule aliyemnunua.

Neno "nasaba" nimelitumia kwa makusudi. Watu wa njia ya misafara walilijua vizuri. Pwani kulikuwa na waungwana, wenye nasaba, na bara kulikuwa na "washenzi", neno la dharau ambalo wasafiri wa Kizungu walilidaka na kulijaza kwenye vitabu vyao. Wazungu wa Kenya wakaja kuliongeza kwenye Kiingereza chao, wakaliita hata mbwa wa kienyeji. Huko Kongo, mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine, akapewa na Wazungu jina la Basenji. Jina hilo linahusishwa na neno lile lile. Dharau ya waungwana wa pwani ikawa jina rasmi kwenye daftari la nasaba.

Hadithi ya Basenji inastahili kitabu chake. Jozi ya kwanza ilipelekwa Uingereza, ikaonyeshwa London mwaka 1895, ikafa kwa ugonjwa wa distempa. Ilibidi kufika 1937 ndipo Basenji wakaonyeshwa Crufts, yale maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, na mbegu ikashika mizizi. Lakini mbwa wachache tu ndio waliokuwa wazazi wa wote waliofuata, na daftari likafungwa: nje ya ukoo huo, wewe si Basenji. Ndugu wakazaa na ndugu, magonjwa ya kurithi yakajitokeza, mojawapo ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi. Mwisho wake, miaka ya 1980, wafugaji wa Marekani walirudi Kongo, ikiitwa Zaire wakati ule, wakaingia vijijini kutafuta mbwa wa kienyeji. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kuwapokea.

Nawaomba wapenzi wa fasihi mlitazame tukio hili kama mnavyotazama mgeuko wa riwaya. Mbwa anaitwa mshenzi, anapewa nasaba, nasaba inamwua polepole, kisha wenye nasaba wanarudi kijijini kwa mbwa wasio na cheti kuomba damu. Mbwa wale wa kijijini walikuwa wanachaguliwa siku zote, isipokuwa mchaguzi wao alikuwa kazi, njaa, ugonjwa na joto. Hata kwetu wafugaji huchagua dume la ng'ombe, na mwindaji huchagua mtoto wa mbwa hodari. Kuchagua si dhambi. Ubaya unaanza pale kipimo kinapohama kutoka kwenye maisha ya mnyama kwenda kwenye macho ya mnunuzi.

Na wakati mwingine kipimo ni hofu ya jirani. Katika A Grain of Wheat (1967) cha marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o kuna Dokta Lynd, mtafiti Mzungu wa kituo cha Githima, na mbwa wake wa aina ya bulmastifu. Mbegu hiyo ilitengenezwa Uingereza kwa kazi ya kuwakamata watu walioingia usiku kuwinda kwenye mashamba ya matajiri. Enzi za Hali ya Hatari, mbwa wake wa kwanza anakatwakatwa na watu, mtumishi wake mwenyewe akiwemo. Baadaye analeta mwingine, naye nusura amvamie Karanja. Ngũgĩ hafichi kwamba majonzi ya mama huyu ni ya kweli. Lakini anatufanya tuone kwamba mbwa alikwishafanywa ukuta kabla hajazaliwa, na ukuta ndio waliokuwa wanaupiga panga. Hilo nalo ni sehemu ya deni. Ukimzalisha kiumbe awe silaha, chuki ya watu itamwangukia yeye kwanza.

Haya si mambo ya zamani tu. Fungua Instagram ya Dar es Salaam au Mwanza uone: watoto wa mbwa wa Kijerumani, wa Afrika Kusini, wengine wa manyoya mazito yaliyokusudiwa baridi kali, wote "mbegu safi", bei maelewano. Rafiki yangu wa Tabora mjini alinipigia simu akiniuliza kuhusu buldogi wa pua fupi. "Dada, wewe unasoma sana, huyu si ndiye yule shujaa wa Stanley?" Nikamjibu kwamba yule wa Stanley asingemtambua huyu. Pua imefupishwa zaidi na zaidi tangu enzi hizo kwa sababu wanunuzi waliona inapendeza, na Oktoba ya Tabora haijali kinachopendeza. Uholanzi tangu 2019 inawabana wazalishaji wa mbwa ambao pua yao ni fupi mno kulinganisha na fuvu. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, lakini sijaona muuzaji hata mmoja akiitaja kwenye tangazo. Nilimwambia amwulize muuzaji maswali manne: mama yake naweza kumwona? Baba na mama wana undugu gani? Wazazi walikufa au kuugua kwa nini? Nikishindwa kumtunza, utampokea? Muuzaji alijibu la kwanza tu, kwa picha.

Upande wa pili wa bei hiyo yuko mbwa koko, ambaye tunamwita hivyo kana kwamba hana mwenyewe. Watafiti wa kichaa cha mbwa nchini mwetu wameonyesha kwamba wengi wa mbwa wanaozurura vijijini wana wenyewe, watoto wanajua hata majina yao. Ili kuzuia kichaa cha mbwa, inatakiwa wapatao asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe. Asilimia hiyo haifikiwi kwa kuwachanja wale wenye vyeti peke yao. Lugha ya mbegu safi na mbegu shenzi inaamua nani apelekwe kwa daktari wa mifugo na nani apigwe risasi kwenye kampeni, na ndiyo maana nasema uhakiki wa maneno haya si anasa ya wasomi.

Je, Through the Dark Continent kisomwe? Ndiyo, kisomwe, hasa na watu wa Tabora, Kigoma na Kagera, kwa sababu kinaeleza nchi yao kwa jicho kali na moyo mgumu. Ila ukifika kwenye aya ya Bull, usiipite haraka. Chukua kalamu, rudisha mtu ndani ya kila sentensi: nani alimnunua, nani alimleta, nani aliona anashindwa akaendelea kutembea. Halafu fanya hivyo hivyo na tangazo la mbwa litakalofuata kwenye simu yako.